Kunoa visu vya kukunja mwenyewe: shajara ya mradi, Jinja

Shajara hii ni ya anayetaka kufuata njia hii bila kutupa pesa pale nilipotupa mimi. Naishi Walukuba, Jinja. Kazi yangu haihusiani na vyuma. Visu navitumia kama watu wengine tu, kumenya matoke na muwa, kukata kamba, kufungua magunia, kupaa samaki wanaotoka Masese. Hatua nyepesi nimezipitia kwa haraka. Palipoharibika nimekaa zaidi. Bei ni shilingi za Uganda, nilizolipa hapa hapa Jinja.

Visu ni vitatu. Cha kwanza ni Okapi, mpini wa mbao wenye mwezi na nyota za bati, na pete mgongoni ambayo ukiivuta kisu kinaachia na kukunjika. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Afrika. Siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka upesi na kinashika kutu upesi vilevile. Cha pili ni Victorinox ndogo nyekundu ya Uswisi, chuma kisichoshika kutu, ugumu wake 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell. Cha tatu hakina jina. Nilikinunua kwa mchuuzi stendi ya teksi kwa 8,000, kinang'aa kuliko vyote, na nusu yake ya karibu na mpini ina meno.

8 Februari 2025. Cherehe

Kabla ya kununua chochote nilimpa mnoaji wa baiskeli ile Okapi. Baiskeli anaisimamisha kwa stendi, anakanyaga pedeli, mkanda unazungusha jiwe la mviringo lililofungwa mbele ya kiti, na hilo ndilo cherehe. Shilingi 1,000 kwa kisu, 1,500 kwa panga. Cheche zilitoka za kutosha kukusanya watoto wa mtaa mzima. Kisu kilirudi kinakata karatasi, lakini ncha yake ilikuwa imebadilika rangi: manjano kama ya majani makavu, mbele yake zambarau, na mwisho kabisa bluu.

Rangi hiyo si uchafu na haifutiki kwa kusugua halafu mambo yakaisha. Chuma cha kaboni kikipita digrii 200 huanza kupata umanjano, na kikikaribia 300 kinakuwa bluu. Kiwandani kisu kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu kupita kiasi, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo lililopimwa ili kisivunjike. Cherehe ikikipasha kuliko hapo, ugumu unaondoka, na hakuna jiwe la kuurudisha. Ncha huungua kwanza kwa sababu ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia. Nilipomenya muwa, makali ya penye bluu yalijikunja. Sentimita tatu nyuma yake yalikuwa salama.

Alipopita tena nilimwonyesha. Alikigeuza kisu, akakitazama kwa jicho moja, akasema, "Mwanangu, mimi nanoa mapanga na slasha. Kijisu kama hiki ungeniambia nilowanishe." Na kweli hakukuwa na kopo la maji kwenye baiskeli. Kwa slasha kazi yake ni nzuri na nitaendelea kumpelekea ya nyumbani: majani yanataka makali ya kukwaruza, na kile chuma kinene hakipati joto upesi.

Visu vya kukunja havitarudi kwenye jiwe linalozunguka.

15 Februari. Jiwe, na mafuta ya kupikia

Nilipata jiwe kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa 12,000. Urefu inchi 8, upana inchi 2, upande mmoja unakwaruza sana na mwingine kidogo. Namba ya chembe, ile ambayo ikiwa kubwa jiwe au msasa ni laini zaidi, haikuandikwa popote. Nimeulinganisha upande laini na karatasi za msasa kwa kidole, naona uko karibu na 240. Ule mwingine ni wa kuchimba tu.

Muuzaji aliniambia nitie mafuta. Hakusema mafuta gani, nami nikatia ya alizeti ya jikoni.

Mwanzoni kisu kiliteleza vizuri na tope jeusi lilitoka. Tope hilo ni vumbi la chuma na la jiwe, na ndilo linalokuambia kwamba kazi inaendelea. Wiki haikwisha, tope likakoma. Kisu kikawa kinateleza kama juu ya sahani, jiwe lina gamba la kahawia linalonata. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani huganda, na yakichanganyika na vumbi la chuma huziba vitundu vyote vya jiwe. Ukitazama jiwe dhidi ya mwanga, badala ya chembe zinazometameta unaona ngozi.

Maji moto na sabuni ya mche havikulifanya kitu. Brashi ya waya ilikwangua juu juu ikaacha mistari. Kilichosaidia ni kulilaza jiwe usiku kucha kwenye mafuta ya taa, ndani ya jerikeni lililokatwa ubavu, kisha kulisugua kwa brashi ngumu na sabuni ya unga kwenye maji yanayochemka, kurudia, na kulianika juani. Nusu lita ya mafuta ya taa, 2,500. Fanyia nje, harufu yake inaingia hata kwenye mchele.

Tangu hapo ni maji tu, na tone la sabuni ya vyombo. Jiwe la aina hii linafanya kazi na maji bila shida, na maji hayana gharama ya kuyaondoa. Mwenye mafuta ya mashine nyepesi anaweza kuyatumia, ila ajue kwamba jiwe likishazoea mafuta, kulirudisha kwenye maji ni mradi mwingine.

1 Machi. Pembe

Jiwe nimeliweka juu ya kitambaa kilicholowa kwenye sakafu ya kufulia. Halihami.

Pembe ndiyo inayowatisha watu, na sioni sababu. Chukua karatasi yenye kona ya mraba: hiyo ni digrii 90. Ikunje kona kwa kona, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu. Isimamishe pembeni mwa jiwe, laza kisu juu yake, na mkono umeshaijua. Kwa kisu cha kukunja shuka kidogo chini ya hapo, ufike 20 kila upande. Ukipenda rula: bapa la Okapi yangu lina upana wa milimita 20, kwa hiyo mgongo ukiinuka milimita 7 hivi juu ya jiwe ni digrii 20, na ukiinuka 5 ni digrii 15. Nilijaribu 15. Ilikata nyanya ajabu, ikapata mapengo kwenye kifundo cha muwa. Chuma cha kiasi hiki hakibebi makali membamba hivyo kwa kazi ngumu. 20 inatosha.

Kubaki kwenye pembe hiyo hiyo kutoka mwanzo wa jiwe hadi mwisho ni jambo jingine, na dawa yake ni maka, 2,000. Paka wino mteremko wote wa makali, pande mbili. Pitisha kisu mara chache, tazama wino umetoka wapi. Umetoka juu, karibu na bapa, na makali bado yana rangi: umelaza mno. Umetoka kwenye ukingo wenyewe tu: umeinua mno. Paka tena, rekebisha. Wino hauna upendeleo. Mimi nilijiona napiga pembe moja, wino ukasema naanza na 20 na kumaliza karibu na 30, kwa sababu kiganja kinazunguka kisu kikikaribia kifuani.

Ncha ilikuwa na ugomvi wake. Wino ulibaki pale hata baada ya sehemu nyingine kung'aa. Makali ya Okapi yanapinda kwenda juu mbele, na ukivuta mkono moja kwa moja ncha haigusi jiwe kabisa. Inabidi kiwiko kiinuke taratibu kisu kinapofika kwenye mpindo, si kifundo cha mkono. Nilipoinua kifundo cha mkono, ncha ilichimba mfereji kwenye jiwe. Kwa kiwiko inatulia.

Bluu nimeiondoa kwa upande unaokwaruza, maji mengi, bila haraka. Imeondoka na milimita moja hivi ya ncha. Kisu kimekuwa kifupi kidogo na ncha imeshuka, lakini chuma cha pale sasa ni kigumu. Nimekata muwa kuhakikisha.

22 Machi. Unyuzi

Ramadhani kazi hii naifanya baada ya alasiri, tumbo tupu na mikono haina haraka. Nadhani ndiyo maana nimeliona jambo ambalo wiki zilizopita lilinipita.

Ukisaga upande mmoja wa makali kwa muda wa kutosha, chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba mno hata hakiwezi kujisimamia, kinalalia upande wa pili. Hapo unapata unyuzi wa chuma urefu wa makali yote. Huuoni kwa macho. Weka kidole gumba mgongoni mwa kisu, kivute kuelekea nje, kupita ukingo, upande ambao haukuwa unasagwa. Usikipitishe kamwe kufuata makali. Utahisi kitu kinakukwama, kama kucha iliyochanika. Ngozi ya kidole ikiwa ngumu kwa kazi, tumia pamba: inaacha nyuzi pale unyuzi ulipo.

Unyuzi usipotoka, makali bado hayajafikiwa. Unakuwa umesugua ubavu wa mteremko, ukingo butu uko pale pale. Visu vingi vinavyosemwa "nimekinoa lakini hakikati" vimeishia hapo. Mwenyewe amehesabu mikwaruzo kumi huku, kumi kule, akaacha. Hesabu haina maana. Kisu butu sana kinaweza kutaka mamia upande unaokwaruza, kilicholegea kidogo kinataka michache. Na unyuzi lazima utoke urefu wote. Kwangu ulitoka vizuri karibu na mpini ukafifia kuelekea ncha, maana yake nusu ya mbele ilikuwa haijanolewa. Nilirudi huko peke yake mpaka ukaungana. Kisha upande wa pili, mpaka unyuzi uhamie huku.

Hadi hapo ni jasho tu. Tatizo lilikuja kuutoa.

Kisu chenye unyuzi uliosimama wima ni kikali. Okapi ilinyoa nywele za mkono, ikakata gazeti la Bukedde kutoka pembeni bila kuchana. Nikaipeleka jikoni kwa kujidai. Mkungu wa matoke haukufika nusu, kisu kikawa kinasukuma maganda badala ya kuyafungua. Kilichokuwa kinakata ni ule unyuzi, na ndizi chache zilitosha kuulaza.

Kuna namna ya kuuona kabla hujafedheheka. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, elekeza makali juu ukiyatazama kama unayalenga. Makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga. Ukingo unakuwa mstari mweusi, kama haupo. Ukiona nukta au mstari unaong'aa, hapo ama ni butu ama kuna unyuzi umelala. Geuza kisu polepole: unyuzi unang'aa upande mmoja na kuzimika ukigeuza, ubutu unang'aa pande zote mbili. Nimetumia jioni nzima kutazama hivi, na sijui kifaa kingine cha bei yoyote kinachofundisha zaidi ya tochi hii.

Nilivyojaribu kuuondoa: kwanza nilivuta makali kwenye kipande cha mbao laini, kama wengi wanavyoelekeza. Unyuzi ulikatika, lakini ulijing'oa vibaya na kuacha ukingo wenye vipengo vidogo. Kwenye nyanya kisu kilikwaruza. Kisha niliupindua kwa nguvu kushoto na kulia kwenye jiwe. Kila nilipokandamiza nilizalisha mwingine. Kilichofaulu ni wepesi. Upande laini wa jiwe, makali yakitangulia kana kwamba unataka kukata jiwe kipande chembamba, pitisho moja huku na moja kule, uzito ni wa kisu chenyewe. Mapitisho machache ya kwanza nainua pembe kidogo, labda digrii tatu nne, ili unyuzi ukatwe kwenye shina, halafu narudi pembe ya kawaida. Kila baada ya muda, tochi.

Okapi imemaliza mkungu mzima na bado inakata gazeti.

12 Aprili. Jiwe limebonyea

Weka rula kwenye jiwe, tazama mwanga chini yake. Langu lilikuwa na bonde katikati, kwa sababu mkono unapenda katikati. Kwenye jiwe la bonde pembe inabadilika yenyewe kila inchi na hakuna wino utakaokuokoa.

Nilichora miraba ya penseli juu ya jiwe, nikamwaga mchanga wa ziwa uliochekechwa na maji kwenye sakafu ya saruji, nikalisugua kwa mizunguko ya namba nane, kulibadilisha upande kila mara, mpaka penseli ikatoweka yote pamoja na ya katikati. Gharama sifuri, ila mwenye nyumba ameuliza ile duara nyeupe sakafuni ni ya nini.

26 Aprili. Msasa juu ya kioo, na mkanda wa ngozi

Upande laini wa jiwe unaacha makali yenye mikwaruzo. Kwa kamba na nyama ni mazuri, yanang'ata. Kwa ganda la nyanya iliyoiva sana nilitaka kwenda mbele, na mawe laini ya maji au ya almasi sikuyaona madukani hapa kwa bei inayoeleweka.

Mbadala ni msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Karatasi ya 400, ya 800 na ya 2000, 1,500 kila moja. Kioo ni kipande kilichobaki kwa fundi wa madirisha, alinipa bure na kunisugulia kingo. Lowanisha kioo, laza karatasi, inashika yenyewe.

Hapa mwendo unageuka. Kwenye jiwe makali yanaweza kutangulia. Kwenye msasa yakitangulia yanaingia chini ya karatasi na kuichana. Karatasi ya 400 iliisha hivyo kabla haijafanya kazi yoyote. Kwenye msasa mgongo ndio unaotangulia, unavuta tu. Na usikandamize: karatasi ina ulaini, inajiinua nyuma ya makali na kuyafanya duara.

Mkanda wa ngozi, wa kumalizia makali kwa kuyavuta juu yake, ulinichukua muda kuliko nilivyopanga. Nilikata mkanda wa suruali wa mitumba ulioandikwa kwamba ni ngozi halisi. Juu ya moto wa kiberiti uliyeyuka na kunuka plastiki. Ngozi ingenuka nywele iliyoungua. Fundi viatu aliniuzia kipande cha ngozi ya soli kwa 2,000 akanigundishia kwenye ubao kwa gundi yake mwenyewe, upande wa nyama juu. "Ssebo, hii ukiilowanisha usinirudishie," alinionya.

Ngozi tupu inafanya kazi, ila polepole. Nilihitaji kitu cha kusugulia. Gereji nilipata pesti ya kusagia valvu, kopo dogo 5,000. Ilikuwa kali mno hata ile inayoitwa laini. Makali yaliyotoka kwenye 2000 yalirudi kuwa na mikwaruzo kama ya 400. Niliikwangua ngozi yote na kuanza upya. Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, ndiyo imekubali. Kwa mji wenye kambi ya jeshi haikosekani, ipo kwenye duka lolote linalouza rangi ya viatu. Matone machache, acha yakauke mpaka harufu iishe, kisha vuta kisu mgongo ukitangulia, mapitisho kama ishirini kila upande, kwa mkono mwepesi. Osha kisu kwa sabuni kabla hakijagusa chakula, hilo halina mjadala.

Baada ya hapo nywele za mkono zinaruka zenyewe. Sijui kama nazihitaji ziruke. Kwa kazi zangu, jiwe pamoja na ngozi vinatosha, na msasa nimeuacha kwa Victorinox peke yake.

17 Mei. Mvua, utomvu na kutu

Masika yameigusa Okapi. Nilimenya matoke usiku, nikaifuta kwa haraka, nikaikunja. Asubuhi bapa lilikuwa na madoa meusi ya utomvu na kutu ya rangi ya chungwa pale makali yanapolala ndani ya mpini. Kutu ya pale ndiyo mbaya: inakula makali yenyewe, na huioni mpaka kisu kikatae.

Utomvu unaopakwa mafuta ukiwa mbichi unatoka. Uliokauka unatoka kwa msasa wa 2000 na mafuta. Kutu niliisugua kwa njia hiyo hiyo na kunoa upya kwa dakika chache. Ila madoa ya kijivu na bluu hafifu yaliyobaki baada ya kusugua nimeyaacha makusudi. Asidi ya matunda na maganda hukipa chuma cha kaboni ngozi nyembamba ambayo si kutu nyekundu na inaizuia kiasi. Nimekitumia kwa mananasi bila kukifuta mara moja ili ngozi hiyo ienee, kisha nikakiosha. Hakipendezi tena. Lakini hakishiki kutu upesi kama kilipokuwa cheupe.

Sasa naosha, nakausha mpaka ndani ya mfereji wa mpini kwa kijiti chenye kitambaa, napaka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye bapa na kwenye kipini cha maungio. Mafuta ya kupikia hapana, kwa sababu zile zile za jiwe: kisu kilianza kufunguka kwa shida.

31 Mei. Victorinox na kile kisicho na jina

Victorinox: digrii 20, upande laini wa jiwe, msasa 800 na 2000, ngozi. Unyuzi wake unachelewa kutoka na unang'ang'ania kuliko wa Okapi. Zaidi ya hapo hakuna la kusimulia.

Kisicho na jina kimenishinda kwa namna yake. Kinanoleka kwa dakika tano, kinanyoa, na kikikata kadibodi ya boksi moja kimekwisha. Nilidhani ni unyuzi, nikarudi kwenye tochi: mstari mweusi, safi. Nikajaribu digrii 25 kila upande badala ya 20, kikafika boksi la pili. Nikaacha kung'arisha, nikakiacha na makali ya jiwe tu. Kikadumu zaidi kidogo, kwa sababu vimeno vya mikwaruzo bado vinakata hata ukingo ukilegea. Hapo ndipo mwisho wake. Chuma ni laini, na kunoa hakuongezi ugumu. Ningekuwa nimeanza kujifunzia kwenye kisu hiki ningeamini kwamba sijui kunoa.

5 Juni. Visu vya Idi

Kesho ni Idi ya kuchinja na majirani wamesikia. Walioleta, wengi wameleta vya kuchinjia, si vya kukunja. Mtume (S.A.W.) ameagiza mchinjaji anoe kisu chake na asimtese mnyama, kwa hiyo hakuna anayetaka kubahatisha. Mama wa nyumba ya pili alikuja na kisu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti: "Mwanangu, usiniambie kimenoleka. Niambie kimepata."

Hakikuwa kimepata. Kilikuwa kimepita kwenye cherehe miaka mingi, kila mara katikati zaidi ya kwingine, na ukikilaza kwenye ubao makali ya katikati hayagusi; unaona mwanga chini yake. Jiwe bapa haliwezi kuingia kwenye bonde hilo. Njia ni moja, kushusha sehemu ya karibu na mpini na ya ncha mpaka mstari unyooke, na ni chuma kingi. Nilianza kwa kukisimamisha wima na kukisugua makali chini kwenye upande unaokwaruza, jambo linalouma kulitazama, mpaka ubao ukakubali. Ndipo nikaanza mteremko upya, nikikigawa kisu sehemu tatu kwa sababu jiwe ni fupi, na kuhakikisha unyuzi umeungana kwenye mipaka. Mipaka ndiyo iliyosumbua: nilipoishia sehemu moja na kuanza nyingine pakabaki kipande butu cha upana wa kidole. Nilizipishanisha sehemu, kila moja ikiingia kwenye mwenzake inchi moja, kipande kikatoweka. Nilimaliza na jiwe, bila msasa. Ngozi kidogo tu.

Alikijaribu kwenye ukingo wa gazeti lile lile, akakifunga humo humo, akaondoka bila neno. Jioni mwanawe alileta vingine viwili.

15 Juni. Hesabu, na kilichobaki

Vilivyobaki kuwa na kazi: jiwe 12,000, maka 2,000, msasa 4,500 (pamoja na karatasi iliyochanika), ngozi 2,000, Brasso 6,000. Jumla 26,500. Vilivyopotea: cherehe 1,000, mafuta ya taa 2,500, pesti ya valvu 5,000, na mkanda wa mitumba 3,000. Hiyo ni 11,500. Anayeanza leo akiwa na 16,000, anunue jiwe, maka na ngozi. Brasso na msasa vitasubiri.

Meno ya kisu kisicho na jina sijayagusa. Yamechongwa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa, kwa hiyo jiwe halihusiki isipokuwa kuondoa unyuzi kwa kukilaza kabisa. Mpango ni kuviringisha msasa wa 800 kwenye misumari ya unene tofauti, kutafuta unaolingana na kila tundu la jino, na kusukuma kutoka upande uliochongwa. Msumari wa inchi nne unaingia kwenye meno makubwa. Kwa madogo bado natafuta. Spoku ya baiskeli inaonekana nyembamba mno.